Nilingoja Mwanga, Jino Halikungoja

Nataka kuwaelezeni habari ya jino moja. Huenda mtu akasema, jino moja lina habari gani ya kujaza gazeti? Hata mimi ningesema hivyo miaka miwili iliyopita. Lakini jino hilo lilikuwa la binti yangu wa pili, nalo sasa halimo kinywani mwake, wala halitaota tena. Aliyelipoteza ni mimi baba yake. Sikulipoteza kwa ukali wala kwa umaskini. Nililipoteza kwa kupenda mno kitu kizuri kilicho mbali, nikadharau kitu chema kilicho karibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ili mzazi mwingine, awe Ulanga, awe Sumbawanga, awe Bukoba, asifanye kama nilivyofanya mimi.

Mimi ni karani wa parokia hapa Kawe, upande wa kaskazini wa jiji la Dar es Salaam, karibu na bahari. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu, na hesabu ya sadaka. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache kabla ya kuja katika kazi hii. Kwa hiyo mpaka leo watu huniita Mwalimu. Nami, kwa kuitwa hivyo kila siku, nilijiona kuwa mtu ajuaye mambo. Kujiona huko ndiko kulikoniponza.

Yafaa niseme kwanza kwa nini naogopa vyombo vya meno. Nilipokuwa mtoto kwetu Mahenge, jino likiuma tulisukutua maji ya chumvi. Likizidi, bibi alibandika karafuu iliyosagwa. Likizidi tena, ndipo mtu alipopelekwa kung'olewa. Kwetu jino lilikuwa na hali mbili tu: zima, au la kung'oa. Hatukujua kwamba jino bovu laweza kutibiwa likabaki kinywani na kutafuna miaka mingi. Baadaye, nilipokuwa chuoni, nilitoboka gego, na mara hii nikazibwa. Nililazwa kitini, nikadungwa sindano ya ganzi, kisha mashine ya kutoboa ikaingia kinywani. Waliokwisha kukaa katika kiti kile waijua sauti yake: ni kama ya nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Nasema kweli, maumivu hayakuwa mengi. Lakini mtikisiko ule uliingia mpaka kichwani, nami nikatoka jasho mikononi kama mtu mwenye homa. Tangu siku ile nilijiambia kwamba mtoto wangu hatakaa katika kiti kile kama naweza kumwepusha.

Basi mwaka jana, siku chache kabla ya Kwaresima, tulikuwa tunakula chakula cha usiku. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, akaacha kutafuna na kushika shavu la kushoto. Mama yake akaleta tochi, akamwambia afunue kinywa. Katika gego la chini, la mwisho kabisa, palikuwa na tundu jeusi, dogo kama punje ya mtama. Mama watoto akasema tumpeleke hospitali kesho yake. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "La nini kumtesa mtoto? Hilo ni jino la utoto. Litatoka lenyewe, tulitupe juu ya paa, lije jingine." Mama watoto hakuridhika, lakini alinyamaza, kwa kuwa Mwalimu amesema.

Juma lile lile mwimbaji mmoja wa kwaya yetu alinionyesha picha katika simu yake. Alikuwapo daktari wa meno wa nchi za mbali, na mtoto amekaa kitini amevaa miwani myeusi, anatabasamu. Daktari alishika kitu kama kalamu. Katika ncha yake hapakuwa na msumari unaozunguka, ila mwanga tu. Mwanga ule uligusa jino, na uozo ukaondoka. Hakuna sauti ya nyigu, hakuna mtikisiko. Mwimbaji yule akaniambia kwamba hiyo ndiyo leza. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta.

Nikaanza kusoma habari zake kila nilipopata nafasi, nami nitawapasheni yale niliyoyapata. Neno leza limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Mwanga wa taa au wa jua hutawanyika huku na huku, tena umechanganyika rangi nyingi, kama watu watokao mnadani, kila mmoja na njia yake. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, nao huenda pamoja katika mstari mmoja, kama askari wanaopiga hatua kwa mguu mmoja. Kwa sababu hiyo nguvu zake zaweza kukusanywa mahali padogo sana. Mtaalamu Albert Einstein alieleza mwaka 1917 jinsi mwanga unavyoweza kuamsha mwanga mwingine ulio sawa nao. Mwaka 1960, huko Marekani, Theodore Maiman alifaulu kutengeneza leza ya kwanza kwa kijiti cha yakuti nyekundu.

Waganga hawakukawia kuijaribu. Mwaka 1965 Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Marekani, alimulika kwa leza ya yakuti jino lililo kinywani mwa mtu aliye hai. Mtu huyo alikuwa ndugu yake mwenyewe, naye alikuwa daktari wa meno. Hakusikia maumivu. Lakini furaha ile haikufika mbali, maana ilionekana kwamba leza ya namna hiyo hulitia jino joto kali, na joto hudhuru kiini cha jino, mahali penye mishipa na damu. Ikapita miaka 30 na zaidi. Mwaka 1997 ndipo serikali ya Marekani ilipotoa ruhusa kwamba leza ya namna nyingine, itumiayo madini yaitwayo erbiamu, itumiwe kukata meno ya wagonjwa.

Hayo yote niliyasoma, nikayaandika katika daftari kwa mwandiko mzuri. Nikaulizia mjini, nikaambiwa kwamba iko kliniki moja ya binafsi yenye leza. Bei niliyotajiwa ilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Sikukata tamaa. Nilitafuta kopo, nikatoboa tundu kwenye kifuniko, nikaanza kutia akiba tangu Pasaka. Niliacha soda, nikaacha kupanda daladala kwenda Mwenge, nikawa natembea kwa miguu. Binti yangu akilalamika, nilimpa dawa ya kutuliza maumivu na kumwonyesha kopo. Nilimwambia, "Vumilia mwanangu, baba anakutafutia mwanga." Naye alivumilia, maana watoto hutuamini. Akajifunza kutafuna upande wa kulia tu.

Mwezi wa nane kopo likajaa. Nilikwenda peke yangu kwanza, nilipe na kupanga siku. Daktari alikuwa kijana mpole. Nikamweleza habari ya tundu na ya mtoto, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, leza tunayo, lakini hii ni ya ufizi. Haikati jino."

Nilidhani sikusikia vema. Akanieleza kwa saburi kwamba leza si moja. Ziko nyingi, na kila moja mwanga wake hupenda kitu chake. Ile ndogo aliyokuwa nayo yeye, mwanga wake hunywewa na damu na rangi ya nyama. Kwa hiyo hukata ufizi uliovimba au kuota kupita kiasi, nao hufunga damu wakati ule ule unapokata. Ni chombo kizuri kwa kazi hiyo. Lakini kwa jino gumu hakifai kitu. Leza ya kukata jino ni ile ya erbiamu, nayo mwanga wake hunywewa na maji. Jino, ingawa laonekana kavu kama jiwe, lina maji kidogo ndani yake, na sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu nzima. Mwanga ukipiga, maji yale hugeuka mvuke ghafula, yakapasuka na kurusha chembe ndogo za jino, pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Mashine hunyunyiza maji wakati wote ili jino lisipate moto.

Nikamwuliza kama kweli haiumi. Akasema kwamba wengi husikia maumivu machache kuliko ya mashine ya kutoboa, na wengi hawahitaji sindano, lakini si wote. Tena haifai kuondoa kuzibo la zamani la madini, maana mwanga hurudishwa nyuma kama unavyorudishwa na kioo. Daktari na mgonjwa hawana budi kuvaa miwani, kwa kuwa mwanga ule waweza kupofusha jicho. Hata daktari mwenye leza hiyo bado huweka mashine ya kutoboa kando yake, kwa ajili ya kazi ambazo leza haiziwezi. Mwisho akaniuliza swali moja: "Tundu hilo mmeliona lini?" Nikasema, "Kabla ya Kwaresima." Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwalimu, usinilipe kitu. Mpeleke mtoto hospitali kesho. Mngalikwenda wakati ule, pengine ingekuwa kazi ya nusu saa."

Nilirudi Kawe na fedha zangu mfukoni, zimekuwa nzito kama mawe. Nilipopita uwanja wa Tanganyika Packers, mahali palipokuwa na kiwanda cha nyama zamani, nilisimama kidogo chini ya mti, kwa kuwa sikujua nitamwambia nini mama watoto. Kumbe sikuwa na haja ya kusema. Usiku ule ule mtoto aliamka analia. Tulipowasha taa, shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, linang'aa, na mwili ulikuwa wa moto. Mama yake alimpakata mpaka asubuhi. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na kimya chake kiliniuma kuliko lawama.

Kulipokucha tulikwenda hospitali ya serikali. Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mikono mikubwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, daktari." Akaitika, "Marahaba," akamwangalia mtoto kinywani, kisha akaniita nisogee.

"Baba, jino hili unaliitaje?"

"La utoto, daktari."

"Umehesabu?"

Nikamwambia sikuhesabu. Akachukua kioo chake kidogo, akaanza kuhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. "Haya matano ndiyo ya utoto, au yale yaliyokwisha kuota mahali pake. Mtoto ana meno ya utoto 20, matano kila upande, juu na chini. La sita si la utoto. La sita huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya mengine, wala hakuna jino linalotoka ili kulipisha. Ndiyo maana wazazi hawalitambui. Huota kimya kimya, nao hudhani ni la utoto. Hili ni gego la kudumu, baba. Lilikuwa la kumtumikia mpaka uzee."

Wasomaji wapenzi, nilisoma chuo cha ualimu. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kuhesabu kwa vijiti na mawe. Lakini kinywani mwa mwanangu sikuhesabu mpaka sita.

Daktari akanieleza kwamba uozo umekwisha kufika kwenye kiini, na usaha umejaa katika mizizi. Iko njia ya kusafisha mizizi na kulihifadhi jino, lakini lile lilikuwa limebaki kuta tu, halikuwa na kitu cha kushikilia. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: usaha wa jino waweza kushuka mpaka shingoni, ukaziba njia ya pumzi, na mtu akafa. "Usingoje hata siku moja unapoona uvimbe wa namna hii," akasema. Akampa mtoto dawa, na siku ya tano tukarudi, jino likang'olewa kwa sindano ya ganzi. Binti yangu hakulia. Alinishika kidole changu kwa nguvu, akaniangalia tu. Daktari alinifariji kidogo kwa kuniambia kwamba gego linalofuata, ambalo huota kwenye miaka 12, huenda likasogea mbele na kupunguza pengo. Huenda. Lakini lile lililokwenda limekwenda.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Katika kuangalia, daktari aliona tundu jingine, dogo, upande wa kulia, katika jino la sita la upande ule. Nikaogopa, nikasema, "Je, utatumia mashine ya kutoboa?" Akasema, "Hapana." Nami nikatazama huku na huku nione ni chombo gani kikubwa kitakacholetwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akasogeza kiti karibu na dirisha, akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na vyombo vichache vya chuma: kioo, kitu kama patasi ndogo sana, na vijiko viwili vitatu ambavyo ncha yake ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Kwa ile patasi akapanua mdomo wa tundu kidogo. Kisha kwa kijiko akaanza kukwangua ndani, taratibu, kama mama anayekwangua masizi chini ya chungu. Uozo ukatoka vipande vipande, laini, rangi ya kahawa. Akanieleza kazi yake huku akiendelea. Jino lililooza huwa laini, na lililo zima ni gumu. Kwa hiyo mkono wenyewe huhisi mahali pa kukoma. Hapana joto, hapana mtikisiko, na kwa kawaida hapana haja ya sindano. Alipomaliza akasafisha kwa pamba, akachanganya unga na maji ya dawa juu ya kibao. Ile ni saruji ya meno, ambayo unga wake umetengenezwa kwa kioo cha namna ya pekee. Akaijaza tunduni, akaikandamiza kwa kidole chenye glavu, ikaingia hata katika mifereji ya juu ya jino, mahali chakula hupenda kukaa. Saruji hiyo hushikamana na jino, nayo hutoa floraidi kidogo kidogo, ambayo husaidia jino kujilinda. Akamwambia mtoto asile kwa saa moja. Kazi yote haikufika nusu saa. Binti yangu aliuliza, "Tayari?" kana kwamba alikuwa hajaamini.

Nami nikauliza kama njia hii ni ya muda tu, ya kutusaidia sisi tusio na mashine. Daktari akaweka kijiko chini, akanitazama juu ya miwani yake. "Baba, njia hii imetoka hapa kwetu. Ulaya wamejifunza kwetu."

Sikumwamini mpaka niliposoma mwenyewe, na mara hii nilisoma vizuri. Ni kweli. Katika miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo lililokuwa mbele yake na wenzake ni lile lile nililolijua Mahenge: vijijini hapana umeme, mashine ya kutoboa haina kazi, na dawa ya jino bovu ni koleo tu. Hapo ndipo ilipoanza, katikati ya miaka ile, njia ya kukwangua kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji ishikamanayo na jino. Baadaye ilijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi huko Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Leo hutumiwa hata katika nchi zenye umeme usiokatika, hasa kwa watoto wenye hofu, maana imeonekana kwamba mtoto huumia kidogo na huogopa kidogo.

Sitaki kuwadanganya kwamba njia hii yaweza yote. Haiwezi kuokoa jino ambalo uozo umekwisha kufika kwenye kiini, wala lenye usaha. Tundu lililo upande mmoja tu wa jino hushika kuzibo vizuri. Lililokula pande mbili au tatu kuzibo lake hudhoofika mapema. Tena si kila kituo cha afya kina mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na pengine utaambiwa dawa ya kuzibia imekwisha. Walakini, hakuna njia yoyote, iwe ya kijiko iwe ya leza, iwezayo kulirudisha jino lililoachwa mpaka likafa.

Nimewaza sana juu ya mambo haya mawili, mwanga na kijiko. Mwanzoni niliona kwamba kimoja ni cha matajiri na kingine ni cha maskini. Sasa naona kwamba shabaha yao ni moja: kuondoa kilichooza na kuacha kilicho kizima, bila kumtisha mgonjwa. Leza huchagua kwa kufuata maji, mkono huchagua kwa kufuata ulaini. Siidharau leza. Nchi yetu ikipata leza nyingi za kukata meno nitafurahi, na pengine wajukuu wangu watashangaa kwamba babu yao aliogopa mashine. Lakini jino halihesabu ni chombo gani kitakuja. Jino huhesabu siku. Tangu kabla ya Kwaresima mpaka mwezi wa nane ni miezi sita, na katika miezi hiyo uozo haukulala hata usiku mmoja, wakati mimi nalala nikiota mwanga.

Katika kitabu chetu cha ubatizo mna akina Apolonia wachache. Wenye jina hilo huenda wasijue kwamba Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 249, na watesi walimpiga tayani mpaka meno yakavunjika. Ndiyo maana wenye maumivu ya meno humwomba awaombee, na sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Mama watoto humwomba sasa. Nami naomba pamoja naye, lakini nimejifunza kwamba haifai kumwomba mtakatifu afanye kazi ambayo baba wa nyumba amekataa kuifanya.

Na kazi yenyewe ni hii, wazazi wenzangu. Mtoto apige mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Kwa mtoto wa miaka mitatu na zaidi kiasi cha punje ya mbaazi chatosha, naye ateme. Mkubwa amsimamie, maana mtoto mdogo hujidanganya kwa kulowanisha mswaki tu. Kashata, barafu za sukari, na soda zisiwe za kila saa. Zikiliwa, ziliwe pamoja na chakula, kuliko kumung'unywa mchana kutwa. Mtoto akifika miaka sita, mfunue kinywa na kuhesabu. Ukiona la sita, jua kwamba mgeni wa kudumu ameingia. Ukiona doa jeusi au tundu juu yake, usingoje liume. Mpeleke hospitali ya wilaya au popote palipo na tabibu wa meno, ukaulize bila haya, "Je, jino hili laweza kuzibwa kwa vyombo vya mkono?" Likizibwa mapema, koleo halitahitajika.

Siku hizi wazazi wanapokuja ofisini kuwaandikisha watoto kwa mafundisho ya Komunio ya kwanza, nauliza jina, tarehe ya ubatizo, na majina ya wasimamizi. Watoto hao ni wa miaka minane au tisa. Nikimaliza kuandika, nafungua mtoto wa meza na kutoa tochi ndogo. Wazazi wengine hucheka, na mzee mmoja aliniuliza kama parokia imeanza kufungua zahanati. Nawaambia hapana, mwanga wa kuanzia ndio huu tu, na bei yake haizidi betri mbili. Kisha tunahesabu pamoja, mimi na mzazi na mtoto, mpaka sita.